Kawaida ya Sayuni

Bangili ya Sayuni ilikuwa ya kijani. Kijani kibichi, bila chembe ya njano, na hilo ndilo Eufrazia angekuja kulikumbuka kila alipofumba macho: kwamba mtambo ulisema mzima, mwenye tumbo akasema mgonjwa, na yeye, nesi mwenye miaka kumi na tisa kazini, akauamini mtambo.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, na ukungu wa Njombe ulikuwa bado haujaachia madirisha ya kiwanda. Huko ndani mitambo mia mbili ilikuwa ikivuma, ikifuma kitambaa cha jua, kile kinachotandazwa juu ya paa kikanywa mwanga mchana na kuwasha jiko jioni. Sayuni Mlowe wa mstari wa nne alisimama kwenye dirisha la zahanati, ameegemea ukuta kwa bega. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa miaka miwili, bado hajapata mtoto.

"Kamwene, dada Eufrazia."

"Kamwene, mdogo wangu. Kulikoni?"

"Tumbo. Siku zangu zimeanza jana, lakini leo hata sijui nisemeje. Linakata."

"Lete mkono."

Sayuni alinyoosha mkono. Eufrazia alisogeza kisomeo juu ya bangili na maandishi yakajipanga kiooni: mapigo ya moyo, joto, mkazo wa misuli ya kiuno, jasho. Kila kitu ndani ya kawaida yake.

"Mwenza anasema uko sawa," alisema. Mwenza ndilo jina waliloipa bangili ile. "Kunywa hivi vidonge viwili. Rudi kazini. Nusu saa ikipita ukaona huwezi kabisa, bonyeza kitufe cha bangili."

Sayuni alitabasamu, tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. "Haya, dada. Nitajikaza."

Nyuma yake foleni ilikuwa na watu wanne. Eufrazia alishamwita wa pili.

Saa tano kasoro robo Sayuni alianguka kwenye mtambo wake. Waliokuwa karibu walisema hakupiga kelele, alikaa chini taratibu kama anayetafuta sindano. Bangili iligeuka nyekundu akiwa tayari kwenye machela. Uvimbe uliokuwa umekomaa kimyakimya miaka nenda miaka rudi ulikuwa umepasuka, damu imefurika tumboni, na madaktari wa hospitali ya mkoa walipoona haizuiliki walimwokoa kwa njia moja iliyobaki. Walikitoa kizazi.

*

Wiki tatu baadaye Bwana Gwakisa, meneja wa kiwanda, alimwita Eufrazia ofisini na kumsogezea karatasi.

Haki yake apewe: Gwakisa hakuwa mtu mbaya. Sheria ya mapumziko ya hedhi ilipopita, viwanda vingi viliitimiza kwa kupaka rangi mlango wa stoo na kuuandika "Chumba cha Akina Mama". Yeye alimsikiliza Eufrazia. Kikao cha kujadili tumbo la hedhi kilikuwa na wanaume saba na mwenye tumbo hilo mmoja, na huyo mmoja alisimama saa nzima akieleza. Alieleza wanawake wanaokaa chooni juu ya ndoo iliyogeuzwa hadi maumivu yapite, na wanaoona aibu kumwendea msimamizi mwenye umri wa baba zao na kumwambia nimechafuka, naomba ruhusa. Akataka kitu kitakachomwondolea mwanamke mzigo wa kuomba. Mwili useme wenyewe, na mtambo usikie.

Ndivyo Mwenza alivyozaliwa. Bangili ikigeuka njano, kazi yako inapungua yenyewe. Uzi mzito unahamishiwa kwa jirani. Ikigeuka nyekundu, mtambo unajizima, mlango wa chumba cha joto unafunguka, unakuta kitanda chenye joto la kadiri mgongoni, taulo safi, maji ya kuoga na chai ya tangawizi. Hakuna fomu. Hakuna wa kumweleza. Mwanzoni wanawake walikuwa wakitoka mle wakicheka kwa kutoamini, kama waliookota kitu cha mtu na mwenyewe hajatokea.

"Soma," alisema Gwakisa.

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema bangili ilikaguliwa na kukutwa nzima. Ilisema mfanyakazi Sayuni Mlowe hakubonyeza kitufe cha maumivu siku ile, wala hakuwahi kukibonyeza hata mara moja tangu avalishwe. Chini kulikuwa na mahali pa sahihi ya nesi.

"Kuna neno la uongo hapo?"

Eufrazia alisoma tena. "Hakuna."

"Alibonyeza?"

"Hakubonyeza."

"Basi." Gwakisa alisugua macho. Alionekana hajalala vizuri naye. "Dada Eufrazia, nikueleze wazi. Wenye kiwanda wanataka kujua kosa ni la nani, mtu au bangili. Ikiwa ni bangili, inazimwa wiki hii hii na chumba kinafungwa. Kuna viwanda kumi na kimoja vinasubiri kuiga kwetu. Navyo vitaghairi. Wewe ndiye uliyekianzisha kitu hiki. Unakiua?"

"Na Sayuni?"

"Sayuni atatibiwa. Kazi yake ipo. Ijumaa asubuhi naomba hiyo karatasi."

*

Mama Anjelina, kiongozi wa mstari wa nne, alimkuta zahanati amekaa na karatasi ile mapajani. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, mwenye mdomo usiojua mlango.

"Nimesikia," alisema, akajivutia kiti. "Weka sahihi."

"Mama, hujui nilichotaka kusema."

"Najua. Uso wako unasema. Sikiliza, mwanangu. Mimi nimefanya kazi hapa tangu tulipokuwa tunafunga kitambaa chekundu kwenye mguu wa mtambo, jirani akikiona ajue leo mwenzio hoi, akubebee robo ya kazi. Msimamizi akigundua mnakatwa mshahara wote wawili. Unataka turudi huko? Wanawake mia sita na kumi na mbili?"

"Wakwe zake Sayuni wanasemaje?"

Mama Anjelina alitazama pembeni. "Wanasubiri karatasi hiyo hiyo. Mama mkwe anapita kilabu cha pombe ya ulanzi akisema mficha uchi hazai, na huyu wetu kaficha mpaka kakiua kizazi kwa mikono yake. Jumapili kuna kikao cha ukoo. Kama kiwanda kitasema kosa ni lake, watamrudisha kwao Lupembe."

"Na mumewe?"

"Festo? Festo yupo yupo tu. Anangoja wakubwa waseme." Akainuka, akajinyoosha kiuno. "Inauma, sikatai. Lakini mmoja keshaumia. Usituongeze."

Alipotoka Eufrazia alifunga dirisha na kuandika nje "Narudi saa tisa". Kisha akafungua kumbukumbu za Mwenza, kitu ambacho wiki tatu nzima alikuwa akikizungukazunguka.

Mwenza hakuzaliwa akijua maumivu. Kila mwili una yake: kuna mwenye moyo wa mbio akiwa mzima, kuna mwenye joto la juu siku zote. Kwa hiyo kila bangili ilipewa siku tisini za kujifunza mwenye mkono. Katika siku hizo ilirekodi kila kitu na kungoja kitufe. Mwanamke akibonyeza, bangili ilijua: hivi ndivyo mwili huu unavyokuwa ukiumwa. Asipobonyeza, ilichukua yote iliyoyaona kuwa ndiyo kawaida yake. Siku ya tisini na moja mstari ulichorwa, na kilichokuwa chini ya mstari kikaitwa kijani.

Mstari wa Sayuni ulikuwa juu sana. Ulipita pale ambapo kwa wanawake wengine ni nyekundu. Siku tisini, na karibu kila siku misuli ya kiuno imekaza, usingizi wa saa tatu, moyo unakwenda kasi amekaa. Alikuwa akiumwa kila siku ya Mungu, na kwa kuwa hakubonyeza, bangili ikaandika: huyu ndivyo alivyo.

Eufrazia akauliza mtambo ni wangapi ambao hawakubonyeza hata mara moja. Jibu likaja: mia mbili thelathini na nane.

Alijua sababu. Aliijua tangu siku ya machela, ila alikuwa ameifungia mahali.

Asubuhi ya kugawa bangili alisimama juu ya kreti uani, baridi inakata masikio, wanawake wote wamejifunika vitenge. Aliogopa. Aliogopa wenye kiwanda watatazama takwimu za mwezi wa kwanza, waone nyekundu tupu, waseme tulijua, wanawake ni wavivu, na kila kitu kiishie hapo. Basi akawaambia: "Jamani, kitufe hiki si cha mchezo. Msibonyeze ovyo. Kila tumbo likikata kidogo mkibonyeza, tutanyang'anywa. Bonyeza pale tu unapoona huu sasa ni uchungu wa leba." Wanawake walicheka. Mama Anjelina alipiga kigelegele. Na walimwelewa vizuri mno, kwa kuwa hakuwaambia kitu kipya. Huku kwao mwanamke anayepiga kelele leba husimuliwa mpaka kwenye msiba wake mwenyewe. Walifundishwa na mama zao kujikaza, na sasa nesi naye, mwenye elimu na koti jeupe, amethibitisha.

Sayuni hakuwa amezaa. Huo uchungu wa leba angeupima kwa lipi?

Eufrazia alilia hapo, kifupi, kwa hasira zaidi ya huzuni. Mtambo haukukosea. Ulikuwa mwanafunzi mzuri, ukajifunza kujikaza kutoka kwa wanawake mia mbili thelathini na nane, na mwalimu wao alikuwa yeye.

*

Palikuwa na njia ya katikati, na tukisema hivi hatumsingizii: aliiona mapema, tena akaipenda. Alikuwa na ruhusa ya kufuta kawaida zote. Bangili zingeanza upya, siku tisini nyingine, na safari hii angewaambia wanawake wabonyeze hata kwa kichefuchefu. Angeweza kulifanya hilo bila kumweleza mtu. Angetia sahihi karatasi ya Gwakisa, ambayo haikuwa na neno la uongo. Chumba cha joto kingebaki wazi, Mama Anjelina angepumzisha mgongo wake, viwanda kumi na kimoja vingeiga. Angeyarekebisha yote, isipokuwa Sayuni.

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, aliamuru kufuta. Mtambo ukamwuliza, kama unavyomwuliza kila anayefuta: *Sababu?* Maneno yale yangehifadhiwa na kusomwa na meneja, na wenye kiwanda, na mkaguzi yeyote atakayekuja.

Akaandika: *Marekebisho ya kawaida.* Mtambo haukubisha. Ulikuwa tayari kupokea. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe cha kukubali.

Alimfikiria Sayuni siku tisini zile, akija kazini alfajiri, akitazama kitufe, akijiuliza kama huu ndio wa leba au bado. Labda aliwahi kukisogelea. Labda alikumbuka nesi amesema nini, akaona haya.

Akafuta alichoandika. Akaandika: *Kawaida zote ni batili. Katika siku za kujifunza, nesi Eufrazia Kilasi aliwaambia wafanyakazi wasibonyeze kitufe. Walitii. Sayuni Mlowe alitii. Tarehe ya kuanguka kwake alikuja dirishani akasema anaumwa, nesi akamrudisha kazini.* Alisoma mara mbili kutafuta neno la kujipunguzia, akaliona moja, akaliondoa. Akabonyeza.

Kiwanda kizima bangili zikawa nyeupe. Zilipowaka tena, kila moja ilikuwa na swali dogo kwa mwenye mkono: *Unaumwa?* Na kwa vile hazikuwa na kawaida ya mtu yeyote, zilikuwa zikimwamini kila aliyejibu.

Kwenye mstari wa nne msichana mmoja alibonyeza, akatazama huku na huku kama mwizi. Mtambo wake ukazima. Kisha wa pembeni yake. Eufrazia alisimama mlangoni akihesabu mitambo inayonyamaza, na alipofika sabini akaacha, akawa anasikiliza tu. Hakujua ukumbi ule una mwangwi.

Nusu saa baadaye Gwakisa alishuka ngazi mwenyewe, hakumtuma mtu. Alikuwa na maandishi yale mkononi.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. Hakupaza sauti.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Na Jumatatu chumba kingekuwa wazi." Akavua miwani. "Nimeamriwa kuzima kila kitu hadi uchunguzi. Na wewe uende nyumbani. Sijui kama utarudi, dada. Sikudanganyi."

Bangili zilizimika saa kumi. Fundi alikuja akatia kufuli chumba cha joto, na wanawake waliokuwa vitandani wakatolewa, mmoja akiwa bado amekumbatia taulo tumboni. Eufrazia alitoka akipita katikati yao. Wengine walimtazama, wengine walitazama viatu. Mama Anjelina aliyekuwa akimwita mwanangu alimpisha njia bila salamu. Alitamani atukanwe, lakini hata hilo hawakumpa.

*

Ijumaa mchana alikwenda kwa akina Mgaya, alikoolewa Sayuni. Mama mkwe alikuwa sebuleni akipukuchua maharage kwenye ungo. Festo alikuwa nje akifungua bomba la kunyunyizia viazi dawa, bomba ambalo kwa hakika halikuwa limeharibika. Sayuni alikuwa amelala kwenye kochi, amefunikwa blanketi hadi kidevuni, amekonda hadi macho yamekuwa makubwa.

"Umeleta karatasi?" aliuliza mama mkwe, kabla hata ya kamwene.

"Sikuleta, mama. Nimekuja mwenyewe."

Sayuni alijaribu kukaa. "Dada, samahani. Nilitaka kuja kukuomba radhi, ila hawajaniruhusu kutembea. Nimewaharibia. Nasikia chumba kimefungwa kwa sababu yangu. Ningebonyeza tu, mara moja tu, haya yote yasingekuwa. Nilijikaza kijinga."

Eufrazia alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njiani alikuwa amepanga atavumilia nini na atajibu nini. Kuombwa radhi hakukuwa kwenye mpango, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Sayuni, hukubonyeza kwa sababu nilikwambia usibonyeze."

"Ulituambia tusibonyeze ovyo."

"Nilikwambia usubiri uchungu wa leba. Hukuwahi kuzaa, na mimi nililijua hilo. Niliwaogopa wakubwa, nikawafunga nyinyi midomo. Bangili ikajifunza ukimya wako, ikakuona mzima. Halafu ulipokuja dirishani ukasema kwa mdomo wako, sikukuamini. Ulisema. Ulisema vizuri kabisa, nami nikakurudisha."

Maharage yaliacha kudondoka kwenye ungo. Nje, Festo naye aliacha kugonga bomba.

"Rudia," alisema Sayuni. "Mama asikie."

Mama alikuwa hatua tatu, amesikia yote. Eufrazia alimgeukia hata hivyo. "Mama, huyu hakuficha. Alinijia akasema anaumwa. Nesi ndiye aliyemrudisha kazini, na nesi ni mimi."

Mama mkwe aliweka ungo chini, akaenda jikoni, na wakamsikia akichota uji kwenye sufuria. Aliuleta kwenye bakuli, akauweka karibu na mkono wa Sayuni, akarudi kwenye maharage yake. Hakumtazama mkwewe. Haikuwa samahani, lakini kwa mwanamke yule ulikuwa mwendo mrefu.

Festo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina grisi.

"Jumapili kuna kikao," alisema kwa sauti ya chini. "Wajomba wanatoka Ludewa."

"Nitakuja."

"Utasema hivi hivi? Mbele yao?"

"Nitasema hivi hivi."

Festo alitikisa kichwa kukubali, akabaki pale, hajui aingie au atoke. Sayuni aliushika uji ule lakini hakuunywa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, kama alivyozoea kila kitu. Eufrazia alitaka kumwambia apige kelele, alie, awaamshe majirani. Akaona hana haki tena ya kumwelekeza mtu yule jinsi ya kuumwa.

"Nilikuwa nimeshawapa watoto majina," alisema Sayuni. "Wawili. Sikumwambia mtu."

Baada ya muda Eufrazia aliinuka kuaga. Sayuni alimshika pindo la koti, koti la kawaida la baridi, kwa kuwa lile jeupe lilibaki kiwandani.

"Sema tena, dada."

"Festo ameshasikia. Mama ameshasikia."

"Siyo kwa ajili yao." Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Mimi mwenyewe bado naona mkosaji ni mimi."

Eufrazia akakaa tena kwenye kigoda, akaanza mwanzo.